Nyuki Hawaruki Mvuani: Mwongozo kwa Mtunzi wa Shujaa Asiyekufa

Stelingi hafi. Kanuni hii haikuandikwa popote, lakini mtoto yeyote aliyewahi kubanana kwenye kibanda cha video, hapa Mabamba, Kibondo mjini au Kasulu, anaijua kuliko jedwali la saba. Risasi zikimiminika, yeye anatafuna karanga. Jengo likilipuka na stelingi yumo ndani, anajua atatokea upande wa pili akijikung'uta vumbi. Hata Lufufu, yule bingwa wa kutafsiri mikanda ya kigeni kwa sauti yake mwenyewe, apaze sauti kiasi gani, mtoto haogopi.

Nawe sasa unataka kutunga stelingi wako. Si wa hadithi moja ya kusomwa na kwisha, bali wa mfululizo: leo sehemu ya kwanza, mwakani ya sitini, na kila moja inaishia kwenye neno "itaendelea". Labda utaituma kwenye kundi la WhatsApp, labda utaisoma kwa sauti kwenye klabu ya shule, labda unaota kitabu. Jina unalo, nguvu zake umeshazipanga. Kabla hujaanza, jiulize: ikiwa msomaji anajua hafi, utamtia hofu kwa kitu gani?

Mimi nasema msomaji wa mfululizo hangojei kifo cha shujaa. Anangojea gharama. Anataka kuona safari hii shujaa atalipa nini, na kama jana ulimwambia jambo fulani haliwezekani, anataka leo nalo lisiwezekane. Anakuwekea hesabu kama mwenye duka anayekopesha: hasemi kitu, anakuuzia sukari kwa tabasamu, lakini daftari lipo chini ya meza.

Tuchonge shujaa wa mfano ili tusizungumze hewani. Ni msichana wa hapahapa Mabamba, jina lake Nyandwi. Jina hilo tunagawana na ndugu zetu Warundi, na kila anayelisikia anajua ni la mtoto wa saba. Mtoto wa saba mwenye kipaji ni mbinu kongwe kuliko sisi sote, na usione haya kuitumia. Mbinu kongwe ni kama njia ya ng'ombe, ilichaguliwa kwa sababu inafika. Babu yake alikuwa mrina asali. Siku babu alipozikwa, nyuki wa mizinga yake yote walimfuata Nyandwi hadi nyumbani, na tangu siku hiyo wanamsikia. Akiwatuma wanakwenda.

Vizuri. Sasa funga kalamu, nenda kwa mrina asali wa kweli, umwulize nyuki hawawezi nini.

Atakwambia hawaruki mvuani. Atakwambia gizani hawaruki ovyo, wanatambaa, na ndiyo maana warinaji wengi wa jadi huenda usiku. Atakwambia moshi huwapoza: wakiunusa hukimbilia kujijaza asali kana kwamba wanahama, na nyuki aliyeshiba si mwepesi wa kuuma. Halafu atakwambia jambo ambalo, kama una sikio la mtunzi, litakusimamisha nywele: nyuki akikuchoma, mwiba wake una vijino kama vya chusa, hunasa kwenye ngozi na kumng'oa matumbo. Amekuuma, amekufa.

Hapo umepata mfululizo. Kila mara Nyandwi akitumia silaha yake anaua askari wake. Akishinda vita kubwa, kesho yake mizinga ni mitupu na maua ya maharage hayana wa kuyatembelea. Adui akilijua hilo, hana haja ya kumshinda. Anachohitaji ni kumlazimisha apigane kila siku. Msimu wa mvua, ambao huku kwetu ni nusu ya mwaka na zaidi, ni msimu wake wa kujificha. Vyote hivi hukuvibuni wewe, umevikuta. Na msomaji wako, ambaye mjomba wake ana mizinga msituni, atakuamini katika makubwa kwa sababu umesema kweli katika madogo.

Udhaifu wa shujaa basi usiuchukulie kama kiraka cha kubandika baadaye. Wamarekani walimleta Superman mwaka 1938, mtu asiyepenywa na risasi, na muda si mrefu wakagundua wamejifungia mlango: mtu asiyeshindwa hana hadithi. Jiwe la kumlegeza, kriptonaiti, lilianza kusikika kwenye mchezo wake wa redio mwaka 1943. Miaka mitano walikuwa wanatafuta breki ya gari ambalo tayari liko barabarani.

Watu wa pwani ya kaskazini walikuwa mbele zaidi. Fumo Liyongo, yule jitu mwana wa Pate na Ozi, hakudhurika kwa mkuki wala mshale. Kitu kimoja tu kingemuua, sindano ya shaba ikipigwa kitovuni. Tazama vizuri walivyoitumia siri hiyo, kwa maana ndani yake kuna chuo kizima cha utunzi. Siri haipatikani kwa mpelelezi wala mganga. Mfalme anamwendea mwana wa Liyongo, anamwahidi cheo na mke, na mtoto anakwenda kumwuliza baba yake waziwazi: ni nini kikuuacho? Liyongo anajua anaulizwa kwa nini. Anajibu. Mtoto anamchoma usingizini, na Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuvuta mshale, anafia hapo akiwa amelenga. Siku zinapita mji una kiu, hakuna anayethubutu kuchota maji mbele ya maiti.

Udhaifu wa Liyongo unaonekana uko kitovuni, kumbe uko kwa mwanawe. Sindano ilikuwa chombo tu. Ukitunga udhaifu wa Nyandwi, mvua na moshi ni sindano. Bado hujasema ni nani atakayeleta moshi. Usimpe adui. Mpe mtu anayekula naye.

Hadithi hiyohiyo inakufundisha kutoroka gerezani. Liyongo alifungwa, na mama yake akamtumia tupa ndani ya mkate wa wishwa, mkate mbaya ambao askari wasingeutamani. Kisha ngoma ikapigwa nje ili mlio wa tupa usisikike. Hakuvunja ukuta kwa kifua ingawa nguvu alikuwa nazo. Mkate, kijakazi wa kuupeleka, ngoma: watu watatu wanne wameshiriki, kila mmoja angeweza kukamatwa. Ukimtoa shujaa wako kwenye shimo kwa nguvu zake peke yake, umempotezea msomaji usiku mzima wa wasiwasi aliokuwa tayari kuulipia.

Twende upande wa pili wa ziwa. Wanyanga wa mashariki ya Kongo wana Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, anayetamba na usinga wake. Candi Rureke alimsimulia kwa siku kadhaa mwaka 1956 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck, na masimulizi yakachapishwa kitabu mwaka 1969. Kinachonivuta hapo si ushindi wa Mwindo, ambao ni mwingi hadi unachosha. Ni mwishoni, ameshakuwa mtawala, anaposababisha kuuawa kwa joka ambaye kumbe ni rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Jina hilo masikio yetu hapa Buha hayahitaji kutafsiriwa. Nkuba anampandisha angani na kumweka huko mwaka mzima, anapigwa na baridi, mvua na jua, hana wa kutamba mbele yake. Anarudi mtu mwingine, na amekatazwa kuua mnyama yeyote.

Hiyo ni mbinu ambayo waandishi wetu wa mifululizo wanaisahau: shujaa kuadhibiwa, na adhabu iwe ya haki. Si kusingiziwa, kusingiziwa kila mtu anakuweza. Mfanye Nyandwi akosee kweli. Awatume nyuki kwa hasira kwa mtu asiyestahili, na mtu huyo asipone. Ukiandika sehemu hiyo vizuri, utapoteza wasomaji wachache kwa wiki mbili na kuwapata kwa miaka.

Sasa msaidizi wake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipomleta Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichotoka mwaka 1960, alimpa kiko, akili kali, na rafiki anayeitwa Najum. Watu humsifu Bwana Msa, lakini anayeendesha gari ni Najum. Yeye ndiye anayeuliza maswali tunayotaka kuuliza sisi, anakosea makosa ambayo sisi tungekosea, na shujaa akikaa kimya anavuta kiko chake, Najum anahangaika kwa niaba yetu. Bila yeye, Bwana Msa angelazimika kuongea peke yake kama mtu mwenye homa. Kwa Nyandwi msaidizi tayari yupo: mdogo wake, mtoto wa nane, ambaye jina lake ni nani tena kama si Minani? Minani anaogopa nyuki. Hiyo peke yake ni sehemu tatu za vichekesho.

Mpe pia mtu wa serikali. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ana Inspekta Kombora, ambaye anamhitaji na anamchukia kidogo kwa kumhitaji. Mvutano huo unafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja: unaeleza kwa nini polisi hawamalizi jambo wenyewe, na unampa shujaa mtu wa kumkumbusha sheria. Kwa Mabamba huhitaji inspekta; mtendaji wa kijiji anatosha, na pikipiki yake isiyowaka asubuhi.

Ngoja nikae kidogo kwa Mtobwa, maana ni wa mkoa wetu huu wa Kigoma na vijana wengi wanaopanda basi la Dar es Salaam hawajui hilo. Alizaliwa mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, na katikati ya miaka hiyo hamsini alimwandika Joram kitabu baada ya kitabu, akafungua na kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Soma majina ya vitabu vyake tu, kabla hujafungua ukurasa. *Lazima Ufe Joram*. *Tutarudi na Roho Zetu?* Alama ile ya kuuliza ni ya mtu anayejua kazi. Sote tunajua Joram atarudi na roho yake. Lakini jina limesema "tutarudi", wako wengi, na hatujui ni roho ngapi zitakazobaki njiani. Mtobwa hakuipinga kanuni ya kibanda cha video. Aliiacha isimame, akaiba kwenye mlango wa nyuma: stelingi hafi, haya, na wengine je?

Jibu baya la swali hilo liko kila mahali, na nakuomba uliepuke. Ni la kumuua mwanamke anayependwa na shujaa ili shujaa apate hasira ya kuendelea. Huko Marekani mwandishi Gail Simone alikaa mwaka 1999 akaorodhesha wanawake wa hadithi za mashujaa waliouawa, kulemazwa au kunyang'anywa nguvu zao, na orodha hiyo akaipa jina linalohusu jokofu, kwa sababu mmoja wao, mpenzi wa shujaa Green Lantern, mwaka 1994 aliuawa na kutiwa humo ili mpenziwe amkute. Kwetu jokofu ni mto, ni kisima, ni kitanda cha hospitali, lakini mchezo ni uleule: mtu mzima mwenye mama na madeni anageuzwa kuwa kiberiti cha hasira ya mwingine. Kipimo changu ni rahisi. Kabla hujamuua mtu, mwandikie sehemu moja ambayo shujaa hayumo kabisa. Kama sehemu hiyo inakushinda kuandika, mtu huyo hajawahi kuwa hai, na kifo chake hakitamliza yeyote. Na nchi hii ya Buha ambayo kabla ya uhuru ilikuwa na Mwami mwanamke, Theresa Ntare wa Heru kule Kasulu, haina sababu ya kuishiwa na wanawake wanaofanya mambo yao wenyewe kwenye hadithi.

Kuhusu kufa na kufufuka nitasema kwa ufupi. Conan Doyle alimtupa Sherlock Holmes kwenye maporomoko mwaka 1893, na miaka kumi baadaye akamrudisha kwa sababu wasomaji na wachapishaji hawakumpa usingizi. Superman alizikwa mwaka 1992 akarejea mwaka uliofuata. Mwaka 1988 kampuni yake hiyohiyo iliwaachia wasomaji wapige simu kuamua kama Robin, msaidizi wa Batman, aishi au afe. 5,343 walisema afe, 5,271 walisema aishi, na akafa. Miaka ikapita, akarudishwa naye. Msomaji aliyepiga simu afanye nini na kura yake? Ukifufua, fufua mara moja katika mfululizo mzima, na anayerudi arudi na upungufu: amesahau jina la mama yake, au nyuki hawamtambui tena kwa harufu. Mara ya pili ni utapeli.

Adui anahitaji maneno zaidi, hasa ukiwa unaandika hapa mpakani.

Willy Gamba wa A. E. Musiba, mpelelezi wa Tanzania aliyeanza kutamba katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974, alikuwa na bahati ya kuzaliwa na adui aliye tayari. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, makaburu na Wareno walikuwa na kila sababu ya kutuma watu wao, na Gamba angeweza kupigana nao Nairobi au Kinshasa bila msomaji kuuliza ugomvi umetoka wapi. Ugomvi ulikuwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Kisha mwaka 1994 kamati ikafunga ofisi, kazi imekwisha, na mpelelezi wa aina ile akabaki kama askari aliyerudi vitani akakuta shamba lake limelimwa na mwingine. Jifunze hapo: adui wa wakati hukupa joto la bure, lakini siku wakati ukibadilika unabaki na shujaa anayepiga ngumi hewani. Musiba mwenyewe aliandika kitabu akakiita *Kikomo*, na vitabu vyake havikukomea hapo.

Mtunzi wa Mabamba naye ana adui wa bure anayemsubiri mlangoni, na huyo ndiye ninayetaka umfungie. Namsema yule jambazi ambaye kila mara anatoka ng'ambo ya mpaka, ana bunduki, anaongea Kirundi, na akishapigwa anarudi alikotoka. Nimesoma sehemu za namna hiyo za vijana wengi, na huwa nawauliza: hivi Kiha chako na Kirundi chake vina umbali gani? Sokoni hapa tunapatana bei ya maharage bila mkalimani. Bibi yako alizaliwa upande upi? Watu waliopita Mabamba wakikimbia vita na kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nduta, au ya Nyarugusu ambayo imekuwepo Kasulu tangu mwaka 1996, wengi wao walikuwa wamebeba watoto na masufuria. Ukimfanya mkimbizi kuwa adui wa kila wiki, hujatunga. Umenakili uvivu wa watu wengine. Na kiufundi pia umekosea, kwa sababu adui anayekuja na kuondoka hamjui Nyandwi. Hajui mvua inamfunga. Hajui kuhusu moshi.

Adui bora wa mfululizo anakaa palepale. Ananunua asali kwa bei ya chini na kuiuza mbali kwa bei anayoijua yeye. Anachoma misitu kwa ajili ya mkaa, na kila hekta ikiungua jeshi la Nyandwi linapungua bila vita. Anachangia harusi, ananunua jezi za timu ya kijiji. Siku moja anamlipia Minani ada ya shule. Huyo ukimwandika vizuri, kuna sehemu msomaji atamwonea huruma, na ndipo utajua umefika.

Halafu usimwongezee ukubwa kila msimu. Ni ugonjwa wa mifululizo yote: adui wa kwanza anatisha kijiji, wa pili mkoa, wa tatu dunia, wa nne nyota na sayari, na baada ya hapo hakuna pa kwenda. Ukiona umefika mkoa, rudi nyuma uandike sehemu nzima juu ya mzinga mmoja ulioibwa.

Umri nao amua mapema. Wako mashujaa wasiozeeka, na wasomaji wamewakubalia. Yuko Phantom, shujaa wa magazeti wa tangu mwaka 1936, ambaye hila yake ni nzuri kupita zote: watu wanadhani hafi, kumbe baba akifa mwana anavaa vazi lilelile. Kwa Nyandwi ningechagua njia hii ya pili. Mtoto wa saba anakuwa na shangazi wa saba.

Sasa barakoa. Hapa nitakupa onyo ambalo vitabu vya wageni havitakupa. Shujaa wa mjini anavaa miwani, na ofisi nzima haimtambui. Tunakubali kwa sababu mjini jirani hajui jina lako. Mabamba haiwezekani. Mtu wa hapa akipita gizani amejifunika shuka hadi puani, aliyekaa barazani atasema, "Huyo ni mtoto wa fulani, anatembea kama marehemu baba yake." Mvalishe Nyandwi barakoa, na kabla hajafika kwenye mnada watu watakuwa wanamsalimu "mwakeye" kwa jina lake.

Usipigane na jambo hili, litumie. Kijiji kizima kinajua na kijiji kizima kinajifanya hakijui. Mwalimu hamwulizi kwa nini amesinzia darasani. Mama muuza migebuka anamwekea chakula bila kusema. Akija mgeni kuuliza habari za msichana wa nyuki, kila mtu anamwelekeza njia tofauti kwa adabu kubwa. Siri ya namna hiyo ina hofu ndani yake kuliko barakoa yoyote, kwa sababu ina walinzi mia kadhaa, na mmoja wao kuvunjika ni suala la muda. Tena unajua tayari nani ataleta moshi.

Mwisho wa kila sehemu, neno "itaendelea" lisimamie swali, siyo mlipuko. Vijana wanapenda kumaliza na bunduki imeelekezwa kichwani. Wiki ijayo bunduki inakwama, na msomaji anajiona mjinga. Maliza na jambo ambalo limekwisha kutokea na halifutiki: Minani amefungua mlango, aliyesimama nje ni mama yao, na mama yao ameshika kienge cha moshi. Hakuna risasi hapo, lakini arosto utakayowaachia watu itawafanya wakupigie simu usiku.

Na simu watapiga. Miaka iliyopita niliandika mfululizo mfupi niliokuwa nausoma kwa sauti jioni, na shujaa wangu alipigwa panga mkono wa kushoto. Sehemu mbili mbele nikamtwisha ndoo ya maji, kwa mkono huohuo, nimesahau. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua maharage, ambaye mimi nilidhani hasikilizi, akasema bila kuinua macho, "Mkono umepona lini?" Watu wakacheka mpaka nikashindwa kuendelea. Alikuwa na haki yake. Tangu siku hiyo nina daftari la pembeni: nani ameumia wapi, nani anajua siri gani, mizinga mingapi imebaki, mvua ilinyesha sehemu ya ngapi.

Kwa hiyo nunua kaunta buku mbili. Moja ya hadithi, nyingine ya hesabu hizo. Ya hadithi ukiombwa na rafiki, mpe. Ile ya pili usimwazime mtu.